Kabla hujalipia trekta la mtumba lenye kijiko cha mbele

Nenda asubuhi, usiseme utafika saa ngapi, na jambo la kwanza gusa injini. Ikiwa ya moto, wameihangaikia kabla hujaja. Kaa kivulini ipoe, kisha uwashe mwenyewe. Chomoa dipstiki: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, aga uondoke. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma; moshi ukitoka kwa kusukuma, ringi za pistoni zimechoka. Mita ya saa za kazi usiiamini, hubadilishwa. Pedali ya klachi iliyolika mpaka kingo haikukanyagwa saa 2,000 tu. Namba za injini na chasisi zifanane na kadi ya usajili. Haya fundi yeyote atakwambia.

Lakini hiyo "chasisi" ya kwenye kadi isikupoteze. Matrekta mengi ya shamba, Massey Ferguson 290 likiwemo, hayana chasisi kama ya lori. Injini, kasha la klachi, giaboksi na difu vimefungwa kwa boliti kimoja nyuma ya kingine, na huo ndio mgongo wenyewe. Likivaa kijiko na kutwa nzima likawa linapiga kichwa kwenye lundo la mchanga, maungio ndiyo yanayoumia.

Langu nililipenda kwa rangi. Jekundu, linang'aa, kijiko kinapanda bila kusita. Nikalipa. Wiki ya tatu, mtoni, opareta akaniita: "Bosi, hebu njoo uone hapa." Oili ilikuwa inavuja kati ya injini na kasha la klachi. Nikafuta kwa tambara lenye petroli, rangi ikabanduka pamoja na puti, ukatokea ufa mwembamba kama unywele, umetoka tundu la boliti moja umekwenda la pili. Boliti mbili nilizizungusha kwa vidole! Aliyenitangulia alishachomelea, na kasti, chuma cha kumimina, haichomelewi kama geti. Ikapasuka tena pembeni ya mshono uleule. Trekta likakatwa katikati, nusu huku nusu kule, juu ya magogo, mwezi mzima nikisaka kasha jingine. Opareta anadai posho, mwenye mchanga hapokei simu yangu.

Kwa hiyo beba tambara, petroli kidogo na tochi. Ndiyo, utalala chini na nguo zitachafuka. Sugua kila ungio, sugua pale fremu ya kijiko inaposhikia. Rangi mpya sehemu moja tu, uliza. Piga jeki mbele uone pini ya ekseli inacheza kiasi gani. Uliza pia nyuma walikuwa wanaweka uzito gani, maji kwenye tairi au boksi la mawe. Aliyepakia mchanga bila uzito nyuma ameshaiua ekseli ya mbele.

Haidroliki ipime ikiwa ya moto. Oili nzito ikiwa baridi huficha sili zilizokwisha, ile mipira ya kuzuia oili isivuje. Lifanyishe kazi nusu saa, nyanyua kijiko na mzigo, zima injini, utazame dakika kumi kama kinashuka. Chini yake asipite mtu.

Halafu njoo na fundi wako, si yule aliyeitwa na muuzaji. Spea ulizia bei kabla, si baada. Usitoe kishika uchumba siku ya kwanza, hata kidogo. Ukiambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani na hela taslimu, mwache afike.