Kampuni yako imeletewa hati ya madai ya siku 21? Jinsi ya kuipinga nchini Kenya

Hati hii ya kudai deni haina muhuri wa mahakama, na ndiyo maana wengi huidharau. Tarishi wa wakili humwachia karani wa mapokezi, naye huiweka pamoja na bili za stima. Kuna kampuni moja ya watu wanane niliyoisaidia, ikaponea chupuchupu: hati ilikaa siku 13 chini ya kalenda ya mezani kabla mkurugenzi hajaiona.

Kifungu cha 384 cha Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ndicho kinachoipa nguvu. Mdai anayeidai kampuni shilingi 100,000 au zaidi akiacha dai la maandishi katika ofisi iliyosajiliwa, na siku 21 zikapita bila kampuni kulipa, kuweka dhamana au kuafikiana naye, kampuni inahesabiwa kuwa imeshindwa kulipa madeni yake. Hapo mdai anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba ifilisiwe. Ombi hilo likishatangazwa, benki na wateja hawasubiri kujua nani alikuwa na haki.

Hatua ya kwanza: hesabu siku

Andika kwenye hati yenyewe tarehe na saa iliyofika, na jina la aliyeipokea. Siku zinaanza kuhesabiwa tangu ilipoachwa ofisini, hata kama wewe ulikuwa safarini. Hesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu pia.

Kisha toa CR12 ya kampuni (hati rasmi ya taarifa zake za usajili) kupitia eCitizen uone ofisi iliyosajiliwa ni ipi. Kampuni nyingi ndogo zimesajili anwani ya mhasibu aliyewafungulia kampuni, na hawazungumzi naye tena. Kama ni hivyo, mpigie leo. Hati iliyopelekwa mahali pasipo sahihi ni hoja halali, lakini usiitegemee peke yake.

Hatua ya pili: kagua deni

Je, jina ni la kampuni yako, au ni deni la mkurugenzi binafsi au la kampuni dada? Kiasi kinafika 100,000? Deni ni la lini? Deni la mkataba haliwezi kushtakiwa baada ya miaka 6.

Hapa naomba uwe makini sana. Usimjibu mdai kwa ujumbe wa "tutalipa mwisho wa mwezi", wala usimtumie elfu tano za M-Pesa ili atulie. Kukiri kwa maandishi au kulipa sehemu kunaweza kuhuisha deni lililokwisha muda, na kunaua hoja yako kwamba unalipinga.

Hatua ya tatu: tafuta ushahidi wa mgogoro

Mkifika mahakamani kuhusu hati hii, jaji haamui nani anadaiwa nini. Anaangalia kama mgogoro ni wa kweli na una msingi. Katika kesi ya Matic General Contractors dhidi ya Kenya Power ya mwaka 2001, Mahakama Kuu ilishikilia kwamba ombi la kufilisi si njia halali ya kudai deni linalobishaniwa kwa nia njema. Kwa hiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile inayoonyesha ulilalamika kabla hati haijaletwa. Malalamiko yanayozaliwa siku ya ishirini hayaaminiki.

Tuseme uliletewa mapipa 20 ya oili kwa shilingi 70,000 kila moja, na sasa unadaiwa 1,400,000. Kwenye hati ya kupokelea mzigo, mtunza stoo aliandika kwa kalamu, "mapipa 6 yamevuja", dereva akatia sahihi. Mstari huo mmoja ni dhahabu. Lakini angalia: unachopinga ni 420,000 tu. Zile 980,000 zilizobaki hazina ubishi, na zinazidi kiwango cha sheria. Zilipe, ukieleza kwa maandishi kwamba unalipa sehemu usiyoipinga, la sivyo mdai atasimamia hizo hizo.

Hoja nyingine nzito ni kwamba naye unamdai kiasi kinacholingana na deni lake au kulizidi.

Hatua ya nne: mjibu mdai

Fanya hivyo ndani ya wiki ya kwanza. Taja sababu zako, ambatisha nakala, mtake aiondoe hati kwa maandishi kufikia tarehe fulani. Barua ipelekwe kwa mkono, nawe urudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wadai wengine hukomea hapa.

Hatua ya tano: nenda Mahakama Kuu

Asipoiondoa, usingoje siku ya 21. Bodi ipitishe azimio la kumpa wakili kazi na kumruhusu mkurugenzi kula kiapo. Wakili ataandaa ombi, hati ya dharura (inayoeleza kwa nini lisikilizwe haraka) na hati ya kiapo itakayoapwa mbele ya Kamishna wa Viapo, vielelezo vikiwa vimepewa namba. Yote huwasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama. Kwa Nairobi, kesi hizi husikilizwa Milimani, Kitengo cha Biashara na Ushuru.

Kinachoombwa ni amri ya kumzuia mdai asiwasilishe ombi la kufilisi kwa kutumia hati hiyo. Kanuni za Ufilisi za mwaka 2016 zina utaratibu wa kuomba hati ibatilishwe, ila umeandikwa kwa ajili ya mdaiwa ambaye ni mtu binafsi, kwa hiyo kampuni hutegemea zaidi zuio.

Kwenye kiapo, eleza mambo kwa tarehe, bila matusi. Ambatisha taarifa za benki na hesabu zilizokaguliwa zinazoonyesha mishahara na wauzaji wengine wanalipwa. Jaji akiona kampuni inapumua vizuri, anaelewa kwamba hukulipa kwa sababu unabisha, si kwa sababu huna.

Ukipata amri ya muda, mfikishie mdai siku hiyo hiyo, na aliyeipeleka aape kwamba ameifikisha. Kama ombi la kufilisi lilikwisha kuingia, vielelezo vile vile vitatumika kulipinga na kuomba litupiliwe mbali. Zuio halifuti deni; mdai bado anaweza kufungua kesi ya kawaida, kwa hiyo faili hilo lihifadhi, na mtunza stoo asiondoke kazini bila kukuachia namba yake.