Anza na namba, si jina: jinsi ya kutafuta kumbukumbu za mtu Mtwara mjini

Baba mdogo alifariki akaacha nyumba Chikongola na karatasi chache zisizojitosheleza. Ukoo ukakaa kikao, ukaniteua mimi nisimamie mirathi. Mahakamani nikaambiwa nilete cheti cha kifo na uthibitisho kwamba nyumba ilikuwa yake. Niliona ni kazi ya wiki moja. Ikachukua miezi minne, na muda mwingi ulipotea kwa sababu nilikuwa natafuta kwa jina.

Ofisi zetu hazikupanga kumbukumbu kwa majina ya watu. Ukifika dirishani ukasema unatafuta taarifa za Fulani bin Fulani, hata mtumishi mwenye nia njema hana pa kuanzia. Ardhi hutafutwa kwa namba ya kiwanja na kitalu, yaani lile kundi la viwanja ambamo kiwanja kimo. Kizazi na kifo hutafutwa kwa wilaya kilipotokea, mwaka, na namba ya ingizo ukiwa nayo. Kesi hutafutwa kwa namba ya shauri na jina la mahakama. Namba hizi utazikuta kwenye sanduku la marehemu, kwa mjane, kwa jirani aliyenunua kiwanja siku moja naye. Maliza kwanza kupekua huko ndipo upange foleni.

Ujue pia kipi kiko wazi na kipi hakiko. Daftari la ardhi kwa Msajili wa Hati liko wazi kwa yeyote anayelipa ada, hata kama si ndugu wa mwenye nyumba. Hukumu za Mahakama Kuu, zikiwemo za Kanda ya Mtwara, zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kampuni na majina ya biashara yako BRELA, kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Lakini faili la mgonjwa hospitalini na taarifa za mtu zilizoko NIDA hupewi kwa sababu tu unamfahamu. Tangu Mei 1, 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Kama lengo lako ni kujua jirani anaishi na nani na anapata nini, mwongozo huu haukuhusu.

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya mtaa. Nenda na kitambulisho chako, muhtasari wa kikao cha ukoo kama ni mirathi, na mtu mmoja mzima anayefahamika pale. Mwenyekiti wa mtaa haajiriwi, ana shughuli zake, kwa hiyo muulizie kwanza kwa majirani yuko saa ngapi. Ukiweza, usiende msimu wa korosho. Kuanzia Septemba au Oktoba wazee wengi wanaoijua historia ya mtaa wako mashambani huko Tandahimba na Newala, na utarudi mara tatu bila kumkuta hata mmoja. Unachotaka hapo ni barua ya utambulisho yenye mhuri, inayoeleza wewe ni nani, marehemu alikuwa nani na aliishi nyumba ipi.

Mtendaji wetu ni mama mmoja makini. Nilipomwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba na papo hapo akaniuliza, "Namba ya kiwanja unayo?" Nikamjibu ninayo, maana nilikuwa nimeinakili mlangoni. Hapo ndipo nilipopotea, naye hakuwa na njia ya kujua.

Namba iliyobandikwa mlangoni au ukutani ni ya anwani za makazi, ile operesheni ya mwaka 2022. Inaonyesha nyumba iko barabara gani na ni ya ngapi. Haihusiani kabisa na namba ya kiwanja iliyo kwenye ramani ya upimaji. Mimi niliipeleka hiyo, nikajaza fomu ya upekuzi, yaani ya kuomba kiwanja kiangaliwe kwenye daftari la ardhi, nikapewa kontrol namba ya kulipia ada, nikalipa kwa simu. Baada ya wiki mbili majibu yakaja ya kiwanja cha mtu mwingine kabisa. Ada hairudi, kwa kuwa kazi uliyoomba imefanyika. Nikarudia, safari hii na namba sahihi ya kiwanja ila bila kitalu. Nikaambiwa namba hiyohiyo ipo kwenye vitalu zaidi ya kimoja. Ada ya pili ikaenda.

Namba sahihi nilikuja kuipata kwenye stakabadhi ya zamani ya kodi ya pango la ardhi, imekunjwa ndani ya msahafu wa mama mdogo. Kwa hiyo tafuta stakabadhi ya pango la ardhi, barua ya toleo ambayo wengi tunaiita ofa, mkataba wa mauziano, au kipande cha ramani. Risiti za umeme hazitakusaidia. Kodi inayokatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021 ni ya jengo, na mita haijui kitalu. Kama nyumbani hakuna kitu, nenda idara ya ardhi ya manispaa na namba ya kiwanja cha jirani aliyepimiwa. Omba waangalie kwenye mchoro kiwanja kinachopakana nacho, uhakikishe namba na kitalu, ndipo uombe kontrol namba ya upekuzi.

Upekuzi wenyewe, ukiwa na vitu hivyo viwili, ni mwepesi: fomu, nakala ya kitambulisho, malipo, kusubiri. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Zuio lisome kwa makini, kwa sababu linaweza kuwa limewekwa na ndugu msiyempigia simu siku nyingi.

Ukijibiwa kwamba kiwanja hakimo kwenye daftari, usikate tamaa na wala usiamini kwamba hakina mwenyewe. Nyumba nyingi za mjini kwetu zina ofa tu. Ofa ambayo haikufikishwa kwenye hati inaishia kwenye faili la manispaa, kwa Msajili haifiki. Na kwenye maeneo ya pembezoni yasiyopimwa hakuna faili hata hilo. Huko ushahidi ni mkataba, barua ya mtaa na majirani wa mipaka minne.

Cheti cha kifo nacho kilinisumbua kwa namna yake. Nilikwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Mtwara, ambako usajili wa vizazi na vifo hufanyika kwa niaba ya RITA, nikasubiri siku mbili. Hakukuwa na ingizo, na lisingekuwapo. Baba mdogo aliishi Mtwara lakini alifia hospitali ya Ndanda, na Ndanda iko wilaya ya Masasi. Kifo husajiliwa kilipotokea. Sisi watu wa Kusini tunapeleka wagonjwa Ndanda na Nyangao tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo kabla ya kupanda gari jiulize mtu alikata roho wapi, usiulize alizikwa wapi. Kutoka Mtwara hadi Masasi ni karibu kilomita 200. Nauli ya kwenda, kulala na kurudi ilizidi gharama zote nilizolipa ofisini. Beba tangazo la kifo lililotolewa na hospitali, ndilo linalofupisha kazi. Kama kifo kilitokea nyumbani na hakikusajiliwa, utaanza na barua ya mtaa au kijiji alikofia, kisha usajili wa kuchelewa.

Kwa waliozaliwa zamani bila cheti, vitabu vya ubatizo vya parokia vina majina na tarehe ambazo serikali haina, na vyeti vya ndoa vya BAKWATA husaidia kuthibitisha mjane ni nani.

Sasa majina. Kwenye ofa baba mdogo ameandikwa Abdala Selemani, kwenye tangazo la kifo Abdallah Suleiman, na kitambulisho kimeongeza jina la babu. Usimbembeleze karani akurekebishie herufi. Nenda kwa wakili au mahakamani ukaape kiapo cha majina kinachosema wote hao ni mtu mmoja, na kitaje kila tahajia kama ilivyo kwenye kila karatasi. Kiapo changu cha kwanza kiliacha tahajia moja, nikalazimika kuapa upya.

Mwisho, kuna ofisi moja ilininyima nakala ya karatasi iliyomo kwenye faili la baba mdogo kwa maneno ya mdomo tu. Nilirudi siku ya tatu na barua inayotaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa zilizoko kwenye mamlaka za umma na kuitaka ofisi imjibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi: unataka nini hasa, cha mwaka gani, chenye namba gani. Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe uondoke nayo, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kutoka kwenye tarehe hiyo. Yangu ilijibiwa siku ya kumi na tisa.