Nywele zinatoka? Kwanza angalia zinatokea wapi, kisha uulize familia

Bandugu, nasukaka nywele hapa Kadutu, kwa Bukavu, na kila mara mutu ananiletea chupa ya mafuta ya bei kali ati itarudisha nywele. Mbele utoe falanga, simama kwa kioo.

Kama we mwanaume zinatoka kwa pembe za uso na utosini, lakini kisogo inabaki imejaa, ile njo ya ukoo. Mwili unatengeneza testosteroni, homoni ya kiume, kisha enzimu moja (kitu cha mwili chenye kinageuza vingine) inaigeuza kuwa homoni ingine, DHT, na DHT ikikuta mizizi yenye jeni inaifanya isikie ile homoni sana, mizizi inasinyaa polepole, kila unywele unaoota unakuwa mwembamba kuliko wa kwanza mpaka kunabakia manyoya tu. Batu banafikiri mwenye upara ana homoni mingi, hapana, mara mingi iko nayo sawa na wengine, ni mizizi yake njo inasikia zaidi.

Sasa uliza nyumbani. Wanasemaka upara unatoka kwa bajomba, na kweli jeni moja kubwa iko kwa kromosomu X yenye mwanaume anapewa na mama, ila ziko zingine mingi za pande zote mbili, kwa hiyo angalia baba na babu pia.

Kwa bamama ni mustari wa katikati ya kichwa, pale nywele zinagawanyika, njo unapanuka. Ukiongeza ndevu na siku zako hazifuatane, omba munganga apime homoni. Na we mwenye umezaa, kisha miezi 2 mpaka 4 zinatoka mikono mizima, usilie dada yangu, estrojeni, homoni ya kike, ilizishikilia wakati wa mimba na sasa imeshuka, mara mingi zinarudi mbele mtoto atimize mwaka. Si jicho la mutu, acheni kutisha bazazi!

Zikitoka kando ya uso tu, pale tresi inavuta, hapo ni sisi basukaji, fungua upumzishe kichwa mapema, ukikawia mizizi inakufa.

Dawa? Minoksidili ya kupaka, vumilia miezi 4 ao 6, mwanzoni zinaweza kutoka zaidi, na ukiacha faida inaisha. Finasteridi, ya kidonge, inazuia ile enzimu ya kutengeneza DHT, ni ya banaume na munganga njo anaandika, mama mwenye mimba asiguse kidonge chenye kimevunjika juu inaweza kuharibu mtoto mwanaume tumboni.

Kichwa kikiwasha, ao zikatoka miviringo kwa ghafla, usipake kitu, enda hospitali.