Swala na cherehani: ninavyopata utulivu katikati ya kazi

Mimi ni fundi cherehani, Dar es Salaam. Kila Januari sare za shule zikijaa mezani, Adhuhuri ilikuwa inaniponyoka. Nasema nimalize pindo hili kwanza, mara naisikia adhana ya Alasiri. Nilikuwa naswali mbiombio, mawazo yapo kwenye mkasi, na iliniuma sana. Hivi ndivyo nilivyojipanga upya.

1. Zijue nyakati zako. Huku tuko karibu na ikweta, kwa hiyo nyakati hazihami sana. Mwaka mzima, jua hapa Dar hupinduka, na Adhuhuri kuingia, kati ya saa 6:05 na saa 6:40 mchana. Kuanzia hapo mpaka Alasiri ni zaidi ya saa 3. Muda upo. Tunaupoteza kwa kungoja kazi iishe, na kazi ya kushona haiishi.

2. Panga wateja kwa swala. Hatua hii ndiyo iliyonibadilisha. Simwambii mteja tena aje saa 8, namwambia, "Njoo baada ya Adhuhuri," au "Nguo yako utaikuta baada ya Alasiri." Watu wa Pwani wanaielewa lugha hiyo, hata wasio Waislamu. Akinikuta wakati umeshaingia, namwambia, "Dada yangu, nipe robo saa niswali, nikitoka nakupima." Hukaa akasubiri, au huzunguka sokoni akarudi. Zamani niliogopa kusema hivyo, kumbe hofu ilikuwa yangu peke yangu. Kama umeajiriwa, zungumza na bosi wako mapema, siku ambayo hakuna haraka. Usingoje adhana ndipo uombe ruhusa.

3. Tia udhu kabla ya adhana. Saa 6 kamili naacha cherehani, nachukua kopo la maji. Adhana ikinikuta na udhu, sina tena sababu ya kujivuta.

4. Tenga mahali. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Dar, kwa hiyo Kibla hakisumbui kukijua. Nimepiga mstari sakafuni kwa chaki ile ile ya kuchorea vitambaa. Msala na kanga ya kuswalia vimetundikwa hapo hapo. Nikianza kuvitafuta, dakika 5 zimekwenda. Simu inabaki kwenye droo, sauti imezimwa.

5. Usikunje msala upesi. Ukishatoa salamu, kaa. Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, kwa vidole, bila haraka. Kisha omba dua yako kwa Kiswahili chako: ada ya mtoto, mgonjwa wa nyumbani, deni la vitambaa. Baada ya hapo nyamaza kidogo. Utulivu niliokuwa nautafuta miaka yote niliukuta hapa, katika dakika hizi ambazo nilikuwa nazikata ili niwahi mashine.

6. Ukipitiwa. Ukisahau au ukilala, swali pale unapokumbuka, uendelee na siku yako. Usiseme leo imeshaharibika.

Neno kwa dada zangu. Siku za hedhi hatuswali, na hapo ndipo mazoea hulegea. Mimi siiachi robo saa ile. Naacha kushona, nakaa ukutani nikivuta uradi na kumswalia Mtume, wateja wananiona na wananiacha. Nikitwaharika, saa 6 ikifika, mguu umeshakwisha kutoka kwenye pedali.