Somo: Tengeneza sensa ya mwanga ya mkononi inayosoma mapigo vizuri kwenye ngozi nyeusi

Habari za jioni wakuu. Wiki hizi mbili nimepata meseji nyingi za watu walionunua zile moduli za MAX30102 (chipu ndogo ya kusoma mapigo ya moyo kwa mwanga), wamefunga mkononi, wanapata mapigo 40, mara 180, mara sifuri, na karibu wote wananiomba niwatumie kodi (programu) nyingine. Kodi haina shida jamani. Shida iko kwenye mwanga, na mwanga unautengeneza wewe kwa kava, raba, mkanda na umbali.

Kwanza tuelewane kinachofanyika. LED (taa ndogo) inamulika ngozi, mwanga unazama, unakutana na damu, kiasi kidogo kinarudi kwenye fotodayodi, yaani kijicho kinachopima mwanga. Moyo ukipiga, mishipa midogo inajaa damu na mwanga unaorudi unapungua kidogo. Hicho kidogo ndo kazi yenyewe: kwenye kidole ni kama asilimia 1 au 2 ya mwanga wote unaorudi, kwenye kifundo cha mkono mara nyingi haifiki hata 1. Yaani sensa ikisoma 100,000, moyo wako umo ndani ya mia kadhaa tu, kitu kingine chochote kikitikisa mwanga kwa asilimia 3 kimeshaufunika.

Hatua ya 1: rangi ya mwanga
Saa nyingi zinatumia kijani cha karibu nanomita 530 kwa sababu damu inakimeza sana na hakizami mbali, kwa hiyo mkono ukitikisika hakisumbuki sana. Nyekundu ya 660 na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya 880 au 940 zinazama zaidi, na hizo ndo za kupimia oksijeni. MAX30102 haina kijani, anayekitaka achukue MAX30101 au MAX30105.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo. Melanini, ile rangi inayofanya ngozi iwe nyeusi, iko kwenye tabaka la juu la ngozi na inameza kijani kuliko infraredi, alafu mwanga unapita hapo mara mbili, ukiingia na ukitoka. Ukijaribu kifaa kwa mtu mweupe kisha ukanivalisha mimi, mawimbi yanapungua sana. Usikimbilie kuitupa kijani, ongeza mkondo wa LED hadi namba inayorudi iwe kubwa ya kutosha, na mtu akiwa ametulia, labda amelala, tumia infraredi. Na tafadhali jaribu kwa watu wa rangi tofauti, kuanzia maji ya kunde hadi mweusi tii, maana sisi ndo tutakaokivaa.

Hatua ya 2: ukuta kati ya LED na fotodayodi
Hii ilinila mwezi mzima. Niliweka kipande cha akriliki cha milimita 2 juu ya chipu nzima ili jasho lisiingie, kikapendeza kweli, kumbe mwanga ulikuwa unatembea ndani ya akriliki kutoka LED moja kwa moja hadi kwenye fotodayodi bila kugusa ngozi. Namba kubwa, mapigo hakuna. Dawa yake ni kukata dirisha mbili, moja ya LED na moja ya fotodayodi, katikati unaweka kizuizi cheusi kinachogusa ngozi kabisa.
Kipimo chake: ingia chumba chenye giza, elekeza sensa juu pasipo na kitu mbele yake, soma namba. Inatakiwa ikaribie sifuri. Ikibaki kubwa, huo wote ni mwanga wa wizi.

Hatua ya 3: umbali
Hii ni kwa wanaotumia LED na fotodayodi za kutenganisha. Ukizisogeza karibu sana mwanga unaishia juu ya ngozi, ukiziachanisha unazama zaidi lakini unaorudi ni kidogo. Mimi nimeishia milimita 4 kwa kijani.

Hatua ya 4: mkanda
Ukilegea, hewa inaingia na jua linapita pembeni. Ukibana sana unaziba mishipa na wimbi linakufa. Kaza huku unaangalia grafu, wimbi litakua, litafika kilele, alafu litaanza kushuka, rudi pale kwenye kilele. Na sensa ichomoze kama nusu milimita kutoka kwenye kava, isizame ndani.

Hatua ya 5: kodi
Sasa ndo ufungue kompyuta. Sampuli 100 kwa sekunde zinatosha, filta ipitishe hezi 0.5 hadi 4 (mapigo 30 hadi 240 kwa dakika), basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimeweka raba nyeusi ya ndala kama ukuta, kijani iko safi ila infraredi bado inavuja. Kwa nini?
Kaka, vitu vingi vyeusi kwa macho yetu vinapitisha infraredi kama kioo. Washa LED, funika na hiyo raba, angalia kwa kamera ya mbele ya simu gizani, ukiona kadoa ka zambarau inapita. Jaribu bati jembamba au karatasi ya foili katikati ya vipande viwili vya raba.

Fundi naomba kuuliza, ile fomula ya oksijeni 110 toa 25R (R ni uwiano wa mawimbi ya nyekundu na infraredi) naweza kuitumia kwa mama yangu mwenye pumu?
Dada, hapana, na pole kwa mama. Ile ni makadirio ya jumla, kifaa cha kweli kinalinganishwa na damu iliyopimwa maabara kwa watu wengi. Hata vya hospitali vina kasoro: utafiti wa Marekani wa 2020 uliangalia wagonjwa ambao kifaa kiliwasoma oksijeni asilimia 92 hadi 96, kati ya weusi asilimia 11.7 oksijeni ya damu yao ilikuwa chini ya 88 kwa kweli, kati ya weupe ni asilimia 3.6. Mama akihema kwa shida mpeleke hospitali, usingoje namba.

Bibi yangu yuko Mombasa, ana piko vidoleni, sensa haisomi kabisa.
Piko nyeusi inazuia mwanga. Hamishia kwenye kiganja pasipochorwa au nyama ya chini ya sikio.

Betri inaisha ndani ya saa 5 mwalimu.
Angalia muda LED inawaka kwa kila sampuli. Ukiweka maikrosekunde 411 unapata biti 18 (biti zikiwa nyingi usomaji unakuwa wa kina zaidi), ukishusha hadi 69 unabaki na biti 15 lakini LED inawaka muda mfupi mara 6 hivi. Anza na 215 uone kama wimbi bado liko vizuri.

Nikitembea inaganda kwenye 118, nikisimama inarudi 80. Moyo wangu una shida?
Hesabu hatua zako kwa dakika moja ndugu. Nadhani utapata 118 hiyohiyo, sensa imeshika miguu ikaacha moyo. Ongeza sensa ya mwendo, MPU6050 inafaa, masafa yakilingana na ya hatua usiamini usomaji huo, shikilia wa mwisho uliokuwa safi. Ila kabla ya hapo kaza mkanda, rudia hatua ya 4, kisha nitumie grafu zote mbili, ya mkanda uliolegea na ya uliokazwa.