Somo: Kutafuta uga wa umeme kwa kanuni ya Gauss

Kanuni yenyewe ni fupi: EA = Q/ε₀ (E ni nguvu ya uga, A ni eneo la uso unaotobolewa na uga), mradi E iwe sawa kila mahali kwenye uso uliouchagua na iutoboe wima. Q ni chaji iliyo ndani ya uso huo tu. Namba ε₀ ni ya kudumu: 8.85×10⁻¹². Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza, iwe Makerere au Mbarara, hukimbilia kikokotoo kabla ya kutazama umbo. Anza na umbo.

Tufe hutaka uso wa tufe, A = 4πr² (r ni umbali kutoka kitovuni). Waya mrefu hutaka silinda, A = 2πrL (L ni urefu wa silinda); vifuniko vyake haviingii hesabuni kwa sababu uga unapita sambamba navyo. Kwa bamba pana, chora silinda fupi inayolipenya, na safari hii ni vifuniko viwili ndivyo vinavyohesabiwa.

Tuchukue tufe la plastiki, nusu kipenyo R = 10 cm, lenye chaji ya 5 nC (nanocoulomb) zilizoenea sawasawa ndani yote. E ni ngapi kwenye r = 4 cm?

1. Chora tufe la kufikirika la 4 cm, kitovu kilekile.
2. Chaji ya ndani: Q(r/R)³ = 5 × 0.064 = 0.32 nC. Hapa ndipo alama zinapopotea: watu huweka 5 nC nzima, au huandika r². Chaji imejaa ujazo, kwa hiyo ni r³.
3. E = 0.32×10⁻⁹ ÷ (4πε₀ × 0.04²) ≈ 1,800 N/C.

Kagua: usoni, E ≈ 4,500. Ndani, E hukua kadiri r inavyokua, na 4,500 × 0.4 = 1,800. Sawa kabisa. Ukitoka nje, tumia 5 nC zote: kwenye 20 cm utapata 1,120 hivi.

Maswali

*Jinja:* Mwalimu, tufe likiwa la shaba je?
— Ndani E ni sifuri, maana chaji yote hukaa usoni. Nje majibu hayabadiliki.

*Mbale:* Waya wangu ni wa 30 cm. Nitumie λ/2πε₀r (λ ni chaji kwa kila mita ya waya)?
— Ukiwa 1 cm kutoka katikati yake, tumia bila wasiwasi. Kosa halifiki asilimia 1. Ukiwa 15 cm, fomula itazidisha jibu kwa asilimia 41 hivi, kwa sababu ncha za waya zimeshavunja ulinganifu.

*Arua:* Mbona bamba ni σ/2ε₀ (σ ni chaji kwa kila mita ya mraba), lakini uso wa chuma ni σ/ε₀?
— Bamba jembamba hutoa uga pande zote mbili. Kwenye chuma, kifuniko kimoja cha silinda kimezama ndani, ambako hakuna uga, basi kinabaki kimoja tu cha kuhesabu.