Kibodi ya ng'ambo na herufi zinazohama

Ukikalia kompyuta ya Ufaransa ukaandika "wazazi" kwa mazoea ya vidole, kwenye skrini itatokea "zqwqwi". Kibodi ni nzima. Hiyo ni AZERTY: A na Q zimebadilishana mahali, Z na W vivyo hivyo, na M imehamia kulia kwa L. Tarakimu za juu zinataka Shift, hata nukta nayo inataka Shift. Ujerumani na Austria wana QWERTZ. Huko kati ya herufi zetu zilizohama ni Y na Z tu, kwa hiyo "nyayo" inakuwa "nzazo". Uingereza ndiyo nafuu, ila @ na alama ya kunukuu zimepishana na zile za kibodi ya Marekani.

Kitufe hakitumi herufi iliyochapwa juu yake. Kinaeleza kipo wapi tu, na Windows au macOS ndiyo inayoamua itoke herufi gani. Laptopu ya Kijerumani inaweza basi kuandika Kimarekani bila kung'oa kitufe hata kimoja. Kwenye Windows 11 fungua Mipangilio, Muda na lugha, kisha Lugha na eneo. Bonyeza nukta tatu kando ya lugha yako, ingia kwenye chaguo za lugha, uongeze kibodi unayoitaka. Kuhama kutoka moja hadi nyingine ni kitufe cha Windows pamoja na Space. Kibodi usizotumia zifute, maana Alt ya kushoto na Shift zikiguswa pamoja kwa bahati mbaya zinaweza kukuhamisha katikati ya sentensi.

Chagua ya Marekani ya kawaida, usichague ile ya kimataifa. Hiyo huishikilia ritifaa (') ikisubiri irabu, na "ng'ombe" wako anageuka "ngómbe". Ukikwama nayo, bonyeza ritifaa, halafu Space, ndipo uandike o. Kwenye kibodi ya Kijerumani kosa hilohilo huletwa na kitufe cha kushoto kwa Backspace; ritifaa yenyewe ni Shift na kitufe cha #, jirani na Enter. Kwa Wafaransa ni kitufe cha 4, bila Shift.

Kompyuta ya kazini inayotumiwa na wengi ni afadhali uiache ilivyo, ujifunze alama chache. Anza na @: Ujerumani ni AltGr na Q, Ufaransa ni AltGr na 0. AltGr ni ile Alt ya kulia.

Nenosiri likikataliwa mara mbili, usijaribu la tatu kabla ya kutazama kifupi cha lugha pembeni chini kulia, kisha bonyeza alama ya jicho usome ulichoandika. Nenosiri linaloombwa kabla Windows haijawaka mara nyingi husomwa kwa mpangilio wa Kimarekani, hata vitufe viseme vingine.

Jambo moja halitibiki kwa mipangilio. Kibodi nyingi za Ulaya zina Shift fupi ya kushoto na kitufe cha ziada kando yake. Kidole kidogo kitakuwa kikikosea na kukuwekea \ au < mbele ya herufi uliyotaka iwe kubwa. Likikuudhi sana, chomeka kibodi ya nje.